Ngumi Moja Juu ya Mkeka

Isiolo, Jumatano. Upepo tangu alfajiri, na vumbi hadi ndani ya sukari ambayo siitumii tena.

Leo mlima umeonekana. Nilitoka nje baada ya swala ya alfajiri nikaukuta umekaa kule kusini, wazi kabisa, na theluji yake kileleni. Mtu mwenye akili timamu angesema Subhanallah. Mimi wazo la kwanza lililonijia, astaghfirullahi, ni sahani ya wali.

Nilisimama pale uani nikiutazama mpaka mawingu yakaufunika, na bado nikabaki nimesimama.

Ndiyo hali yangu siku hizi. Mwezi wa tano huu sijaonja wali, anjera, ugali, chapati wala pasta. Nakula nyama, mayai, kabichi, sukuma, na avokado nyingi kuliko nilizokula maisha yangu yote kabla ya hapo. Kila kitu cheupe kinanikumbusha kitu. Jana niliiangalia kofia ya imamu kwa muda usiofaa.

Kama umefika hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni dereva wa lori mstaafu, miaka sitini na saba, naishi Chechelesi na mke wangu Saadia. Babu yangu alikuja huku kama askari, na bunduki ya Mzungu, akapewa malisho badala ya nauli ya kurudi kwao, nasi tukabaki. Blogu hii alinifungulia binti yetu Hamdi, mwalimu huko Nairobi. Alisema, "Aabo, ukiacha kula utahitaji kitu kingine cha kufanya na mikono." Basi naandika.

Hamdi pia ndiye aliyeninunulia mizani ya kioo. Asubuhi hii nilipanda bila kofia, bila saa, na pumzi nimeitoa. Kilo mia moja na tatu. Nilianza na mia moja na saba, nikashuka hadi mia moja na mbili mwezi wa pili, nikajiona kijana. Tangu hapo mizani imekwama, na leo imeongeza kilo moja kana kwamba inanitania. Miaka thelathini na nne nilikuwa nikipanda na lori kwenye mizani ya barabarani moyo ukinidunda, nikiomba mzigo usizidi. Sikujua kwamba siku moja mzigo wenyewe utakuwa mimi.

Nilikaa kitandani nikakasirika. Nikamkasirikia Hamdi, nikalikasirikia kabichi.

Kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wewe unayesoma.

Watu wote wanajua napunguza mwili kwa sababu ya goti. Daktari alisema goti la kulia limechoka kunibeba, nikitoa kilo kumi na tano litapumua. Hiyo ni kweli. Lakini goti la kutembea nalo sokoni halinisumbui sana. Nina rafiki zangu, nina boda wa kunipeleka, na mtu wa umri wangu hahitaji kukimbia ila akifukuzwa.

Ni kiti.

Msikitini kwetu kuna viti vya plastiki mwisho wa safu, vya wazee na wagonjwa. Huu ni mwaka wa pili naswali juu ya kimojawapo. Wenzangu wakienda chini kusujudu, nabaki juu peke yangu, kama nilivyokuwa nikikaa kwenye kebini ya lori nikiitazama barabara. Naona migongo na nyayo. Naona vidole vya miguu vya watu vikijikunja kwenye zulia, na ninavionea wivu. Ninainamisha kichwa kidogo. Imamu alisema inatosha, na najua inatosha, dini ni nyepesi na Mungu halazimishi goti bovu. Lakini paji langu la uso linaikumbuka ardhi. Lilikuwa likienda pale mara nyingi kila siku tangu nikiwa mtoto Garbatulla, kwenye mchanga, kwenye majani makavu, kwenye lami yenye joto kando ya lori, na sasa linaning'inia hewani.

Nataka niweke paji langu chini mwenyewe, kabla sijawekwa chini na watu wengine.

Basi. Nimeandika.

Mbona sikumwambia mtu? Kwa sababu mzee akianza kusema anatamani kusujudu, watu wanadhani anajifanya shekhe. Mimi si shekhe. Kuna swala nyingi nilizichelewesha barabarani na Mungu anajua. Niliona heri waseme nataka kupunguza kitambi kuliko waseme nimeanza kujionyesha.

Adhuhuri ikipita mimi hulala. Na tangu niache anjera usingizi wangu umebadilika, umekuwa na rangi. Ninaota barabara ya zamani ya Garbatulla, kabla haijachongwa vizuri. Lori ni tupu, jepesi, halitoi sauti. Mchanga pande zote umegeuka unga. Mbele yangu mama yangu ameinama juu ya bapa la nchi lililo moto, anamimina uji wa anjera kwa mduara, na matundu yanafunguka moja moja mpaka upeo wa macho. Mimi ni mwembamba katika ndoto hizo. Nguo inanipwaya. Mama ananiita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai analijua, ananinyooshea kibuyu cha maziwa chenye harufu ya moshi, nami nanyoosha mkono.

Saadia anasema huwa natafuna usingizini.

Ya maziwa hayo ndiyo niliyotaka kueleza. Saadia ameamka kunipikia anjera kwa miaka arobaini na miwili. Nilipoacha, wiki ya kwanza aliendelea kupika zile zile, akaziweka mezani na kuzitazama zikipoa. Ilikuwa vigumu kukaa naye chumba kimoja. Kisha, wiki ya pili, akaanza kuniletea maziwa ya ngamia. Anakwenda mwenyewe asubuhi pale yanaposhushwa magari yakitoka upande wa Garbatulla, anachagua, anayaonja, anamgombeza mwuzaji. Anafukiza kibuyu kwa kaa la moto mpaka nyumba nzima inanukia utotoni mwangu. Ananijazia kikombe kikubwa cha bati asubuhi, saa nne, mchana na baada ya alasiri. Sikuwahi kumwomba. Nilimshukuru Mungu kwa mke aliyenielewa.

Na mimi nilikuwa na hoja yangu. Nimesafirisha ngamia na watu wao kutoka Biliqo hadi nisikojua tena majina, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona mchungaji wa ngamia mwenye kitambi. Hata mmoja. Watu wale wanakunywa maziwa tu, asubuhi na jioni, na mbavu zao unazihesabu kwa mbali. Kwa hiyo maziwa ya ngamia hayanenepeshi. Isitoshe ni dawa. Muulize mzee yeyote wa mji huu, atakwambia yanatibu tumbo, sukari, kifua na huzuni. Kliniki walikuwa wakiniuliza nimekula nini, nami nikiwatajia kila kitu hadi jani la mwisho la sukuma, lakini maziwa sikuyataja. Hayakunijia akilini.

Leo ilikuwa siku yangu ya kliniki.

Mtaalamu wa lishe ni binti mdogo kuliko Hamdi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alitazama karatasi zangu, akanitazama, akarudi kwenye karatasi. Aliniuliza ya jana, nikataja. Aliniuliza ya juzi, nikataja. Akasema haelewi, na nikaona kweli haelewi, na huruma ikanishika kwa ajili yake. Nikainuka kuondoka. Pale kwenye benchi nilikuwa nimeacha chupa yangu ya chai, ile kubwa niliyokuwa nikisafiri nayo, na nilipoiinua ikatoa mlio wa kitu kinachotikisika.

"Mzee wangu, hiyo umebeba ni nini?"

"Maziwa ya ngamia tu. Foleni ni ndefu."

"Na unakunywa ngapi kwa siku?"

"Kidogo. Lita mbili. Kukiwa na joto, tatu."

Alitua kalamu mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mzee, miezi tano unakuja hapa, na hiyo maziwa hujawahi kuniambia."

Nikamwambia ni dawa. Nikampa pia hoja ya mchungaji wa ngamia, nayo niliieleza vizuri, kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza, bila kunicheka, kwamba maziwa yana sukari yake hata kama hujatia chochote, ya ngamia vilevile. Akasema kikombe kidogo hakina neno, ila mimi nimekuwa nikinywa sehemu ya ndama. Nilitoka pale masikio yakiwaka.

Boda alinishusha kwenye kona yetu, kwa Kanana. Kanana ni Mmeru, anauza avokado na mboga, na amekuwa akifuatilia tumbo langu kwa karibu kuliko daktari kwa sababu anajiona mwekezaji. Nikamweleza yaliyonipata. Nilidhani angalau yeye ataiona hoja yangu. Alicheka mpaka akashika kichwa cha kabichi kwa mikono miwili.

"Mzee, huyo mtu ya ngamia anatoka Biliqo na miguu. Wewe umetoka hosipitali na boda!"

Miaka thelathini na nne nilimtazama mchungaji huyo kupitia kioo cha lori, nikaona anachokunywa, wala sikuona anatembea. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa.

Nilipofika nyumbani kikombe cha bati kilikuwa mezani, kimejaa, kimefunikwa kwa kisahani ili vumbi lisiingie. Saadia alikuwa jikoni. Nilikaa mbele ya kikombe kile nikahisi uzito ambao haumo kwenye mizani. Nilijua nikikikataa nitamuumiza. Nikamwita, nikamwambia yote, ya binti wa kliniki na ya Kanana.

Alisimama mlangoni akijifuta mikono. Hakukasirika. Alitazama chini.

"Kwani hukujua?" akasema. "Mimi nikiolewa hapa, mama yako alininenepesha na nini? Si hiyo maziwa?"

Ilikuwa kweli. Niliikumbuka siku arobaini zile, mama akimfuata na kibuyu, na Saadia akizidi kung'aa kila wiki. Wanawake wote wa ukoo wetu wanajua maziwa yanafanya nini. Nikamuuliza, sasa kama ulijua, mbona ulinijazia kikombe mara nne kwa siku?

Upepo ulikuwa ukipiga bati la choo. Kisha akaketi, na mke wangu, mwanamke asiyeogopa mtu, akaongea kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Baba Hamdi, mzee akianza kupunguza tumbo ghafla, na anasingizia goti, watu wanasema anatafuta bibi mdogo. Wanawake wote waliniambia hivyo arusini kwa jirani, ile wiki uliacha anjera. Sasa mimi ningefanya nini? Nikasema, wacha tumbo ikae."

Wacha tumbo likae! Miezi mitano mimi navuta kamba upande huu, naye anavuta upande ule, na katikati ni kitambi changu. Mimi nikimshukuru Mungu kwa mke aliyenielewa, yeye akinijazia kikombe kwa hofu. Kila alipofukiza kibuyu alikuwa na uchungu moyoni, na nilichokinusa mimi ni utoto wangu tu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mdogo, na leo ndiyo nimelielewa.

Nikamwambia. Kiti cha plastiki, migongo, vidole vya miguu vya watu. Nilimwambia lile la kuweka paji chini mwenyewe kabla sijawekwa. Sijui kama nimewahi kumwambia Saadia jambo refu namna hiyo bila kumtania. Alinitazama mpaka nilipomaliza.

"Miaka miwili nakuona juu ya kiti," akasema. "Nilifikiri umezoea."

Halafu akacheka. Alianza kidogo, akajaribu kujizuia kwa upande wa shuka, ikashindikana. "Walahi, mimi nimepigana na bibi mdogo miezi tano, kumbe ni mkeka!" Na mimi nikacheka, na goti likauma kwa kucheka, na hatukuweza kunyamaza kwa muda.

Niliswali alasiri kwenye kiti, kama kawaida. Nilipomaliza nikamkuta amekunjua mkeka wa pili katikati ya chumba na kuweka mto wa sufi mahali pa goti la kulia. Akasema, "Hebu tuone umebakisha ngapi." Nikamwambia siwezi. Akasema hakuniuliza kama naweza.

Haikuwa swala, ilikuwa jaribio, naandika hivyo ili asije mtu akanifundisha fiqhi kwenye maoni hapa chini. Nilishika kiti kwa mkono mmoja na bega lake kwa mwingine. Nikashuka. Goti lilipiga kelele, mto ukalipokea. Nikaweka viganja vyote viwili kwenye mkeka, na hata hapo nilikuwa sijafika kwa miaka miwili. Nikaanza kuinama. Tumbo lilifika kwanza. Nikasukuma. Kichwa kikaenda, kikaenda, kikakwama hewani.

"Umefika?"

"Bado."

"Imebaki ngapi?"

Sikuweza kuona. Niliona nyuzi za mkeka tu, moja nyekundu na moja ya kijani, karibu sana. Basi Saadia, miaka sitini na mbili, mama wa watu, akalala ubavu kwenye sakafu, akaweka shavu kwenye mkeka ili achungulie nafasi iliyo chini ya uso wangu. Nikauona uso wake hivyo, umelala, kama ninavyouona nikiamka. Akakunja mkono, akauingiza. Ukaenea sawasawa.

"Ngumi moja," akasema.

Hakuutoa. Nami nilikuwa nimechoka, nikaliachilia paji langu likaketi juu ya ngumi yake. Mifupa yake ni migumu. Ilikuwa inanukia moshi wa kibuyu. Nilifumba macho, na kwa kitambo kidogo sikujua kama niko Chechelesi au kwenye barabara ile ya unga, wala kama mwili huu ni mzito au mwepesi. Upepo ulikuwa ukipita juu ya nyumba kuelekea huko chini kwenye joto. Niliusikia wote, hadi ulikoishia.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha hilo, leo nimeshatosheka na kuficha.

Kuinuka kulichukua muda mrefu kuliko kupakia fahali. Sitaeleza. Tulihitaji kiti, mlango, na Bismillahi nyingi.

Sasa Saadia ameosha kikombe cha bati na kukiweka juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya harusi, mahali ambapo mimi siwezi kufika. Ameniwekea finjani ya kahawa. Hiyo moja, asubuhi, ya maziwa, kama binti wa kliniki alivyosema. Anasema ataendelea kufukiza kibuyu kama kawaida, kwa sababu harufu haina kilo. Maziwa yatakayobaki tutampelekea Kanana, naye ni mwembamba na yanamfaa.

Boda pia nimemwambia asinipitie kesho. Kwa Kanana nitakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Si Biliqo, lakini mchungaji naye alianzia mahali.

Nilimwomba Saadia tungoje mwezi mmoja kabla ya kupima tena, maana mtu hapungui kwa siku moja na nitavunjika moyo. Amekataa. Anasema tutapima kila alasiri, mimi nina haki na paji langu lakini ngumi ni yake. Halafu itakuja siku ya kuweka kiganja tu badala ya ngumi, Mungu akijalia.

Siku paji langu litakapombana vidole mkekani, nitajua nimefika.